Kutoka Kalembe Hadi Kinshasa kwa Saa Mbili na Dakika Ishirini

Tangu nirudi, hakuna siku iliyopita bila mtu kusimama mlangoni pangu akiniuliza safari ilikuwaje. Nimesimulia nikipalilia, nimesimulia nikisubiri zamu ya maji, na kila mara nimesimulia nusu, kwa sababu kuna aliyesikia mwanzo akakosa mwisho, na kuna aliyefika mwishoni akadhani nilipandia ndege hapa hapa Kalembe. Sasa nimeamua kuandika yote katika daftari hili. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe, na wale ambao vifurushi vyao havikufika Kinshasa wavumilie hadi waone vilipoishia. Sitaficha kitu.

Habari za tiketi na vyeti siandiki. Mdogo wangu Bahati alizishughulikia akiwa kule Kinshasa, na hata yeye akizikumbuka anakunja uso.

Sababu ya safari mnaijua, lakini niiweke wazi. Neema, binti wa Bahati, alikuwa anaolewa Kinshasa Jumamosi. Katika ukoo wetu binti haondoki kwa baba yake mpaka shangazi yake apike chungu cha maharagwe kutoka kilima cha babu, na wakwe wayale kabla ya neno lolote kusemwa. Mimi nilipikiwa, dada zangu walipikiwa, na shangazi wa Neema nimebaki mimi peke yangu. Tena Neema nimemlea. Mama yake alipofariki nilimbeba mgongoni miaka minne, nikimlisha maharagwe hayo hayo yaliyopondwa, kabla baba yake hajamchukua.

Alinipigia simu mwenyewe. "Shangazi, kama haukuje, mimi sitatoka mu chumba. Bakwe batanikuta ndani nimefunga mulango."

Bahati akachukua simu. "Dada, usiogope. Bakwe banaanza saa ine kamili, sababu saa sita tunapaswa kuwa mu komini kwa kusaini ndoa. Lakini kutoka Goma kufika huku ni saa mbili na dakika makumi mbili tu. Chai haitapola, utakuwa umefika."

Saa mbili na dakika ishirini. Bahati ametoka huku zamani, amesahau kwamba kabla ya kufika kwenye hizo saa mbili kuna mambo.

Kalembe hadi Pinga, kwa miguu

Njia yetu ya kawaida ni Kashuga, kisha Kitchanga, kisha unateremka hadi Sake, unapita kambi ya wanajeshi ya Mubambiro, na hapo unaanza kuisikia Goma puani. Wiki ile njia hiyo haikuwa ya kupita, na ninyi sina haja ya kuwaeleza kwa nini. Kwa hiyo, ili niende mashariki, ilibidi nianze kwa kwenda magharibi, hadi Walikale, ambako kuna ndege ndogo zinazokwenda Goma.

Nilipanga kuondoka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Niliondoka saa nne. Pasta alikuja kuniombea, na kwa kuwa hakuna mtu wa kanisa letu aliyewahi kupanda ndege, hakutaka kusahau kitu. Aliombea miguu yangu, akaombea pikipiki ambayo nilikuwa sijaipata bado, akaombea rubani na wazazi wa rubani, akaombea mabawa, la kulia kisha la kushoto. Aliposema amina alinipa chupa ya asali ya kumpelekea ndugu yake.

Nyuma yake alikuwa amesimama Mama Jeanne na unga wa muhogo. "Ni ya mutoto wangu Esperance. Iko Kinshasa."

"Kinshasa fasi gani?"

"Iko kule kule. Ukifika utauliza."

Kana kwamba Kinshasa ni Kashuga, unasimama sokoni unaita jina mtu anageuka. Nyuma ya Mama Jeanne alikuja Papa Mwalimu na fromage, jibini ile ya mviringo ya malisho ya Masisi, imefungwa katika majani ya mgomba, kwa mwanawe anayesoma huko. Sikukataa hata kimoja. Huku kwetu huwezi kumkatalia mtu komisyo, kwa sababu kesho mwenye kutuma utakuwa wewe.

Nami nilikuwa na ujanja wangu. Sokoni mizani hupima gunia, haijawahi kumpima mwenye gunia. Basi vitenge vyangu vya harusi, vinne, sikuvifunga mzigoni. Nilivivaa vyote, kimoja juu ya kingine, na sweta juu. Vya watu nikavitia mgongoni. Maharagwe yangu, kilo tano, madogo mekundu yenye madoa, niliyafunga katika mfuko wa kitambaa nikayabeba mbele, kifuani.

Mtu aliyevaa vitenge vinne hapandi kilima, anakisukuma. Saa saba nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anavuna kama Pinga iko mbali. "Hapana, iko hapo tu." Saa nane nikamuuliza mzee mwenye mbuzi. "Iko hapo tu." Saa tisa nikakutana na mwanamume aliyekuwa anatoka huko huko Pinga, na yeye akanijibu, "Mama, iko hapo tu."

"Ulitoka saa ngapi?"

"Saa sita."

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe wageni wakiniuliza Kashuga ninawajibu vivyo hivyo, hata kama nawaona wamechoka. Ukimtajia mtu vilima vyote vilivyobaki, ataketi. Niliingia Pinga jua likizama, nikala bugali na sombe ya majani ya muhogo kwa dada mmoja wa kanisa, na nikalala bila kukumbuka kuvua.

Pinga hadi Walikale, kwa pikipiki ya Dieudonné

Asubuhi walinitafutia dereva wa pikipiki, jamaa mmoja anaitwa Dieudonné, mrefu, mwenye koti la mvua la manjano asilolivua hata jua likiwaka. Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akaangalia vile nilivyojaa mbele kwa vitenge na mfuko, akashusha sauti.

"Mama, na hali hii bamekuacha usafiri?"

Sikuelewa. Akaongeza, "Hakuna shida. Nitaendesha pole pole. Bibi yangu pia iko na miezi saba."

Hapo nikaelewa. Nina miaka hamsini na tatu, wajukuu wangu ni sita, na mtu ananihesabia miezi ya mimba. Nilifungua kinywa nimsahihishe. Kisha nikamwona dereva mwingine akipita na abiria wake, matope yakiruka hadi masikioni, abiria amefumba macho. Nikafunga kinywa. Nikashika tumbo kidogo, nikasema, "Asante, kaka. Mungu akubariki."

Ndugu zangu, sijawahi kubebwa vizuri hivyo. Kila shimo alisimama akauliza kama niko sawa. Penye daraja la magogo alinishusha, akavusha pikipiki, akavusha mizigo, kisha akarudi kunishika mkono gogo kwa gogo. Kila kijiji aliwaambia watu hali yangu, na mama wa kila kijiji alinipa kitu cha kula: karanga, ndizi mbivu, samaki aliyekaushwa. Katika kijiji kimoja tulikojikinga na mvua, mama mmoja alinipa lituma, ile ndizi ya kuponda ya watu wa msituni, bado ya moto, akanisihi nile kwa ajili ya wawili. Nilikula kwa ajili ya wawili. Dhambi hiyo nimeshamwambia Pasta, alicheka hadi akakaa chini.

Lakini upole una hasara yake. Safari ambayo wengine waliimaliza kwa siku moja na nusu, sisi tuliimaliza kwa siku mbili na zaidi. Tuliingia Walikale Alhamisi asubuhi, na Dieudonné akanipitisha moja kwa moja hadi Kilambo, maana ndege ilikuwa ije siku hiyo.

Kilambo, ambako barabara ndiyo uwanja

Ninyi mnadhani uwanja wa ndege ni mahali penye ukuta. Kilambo ni barabara ya lami, basi. Magari yanapita, mbuzi wanapita, mama wanaanika muhogo pembeni. Ndege ikisikika, watu wanapiga filimbi, kila mtu anaondoa kilicho chake, ndege inatua barabarani, na ikisharuka muhogo unarudishwa.

Alhamisi ilinyesha kutwa nzima na ndege haikuja. Tulijibana kumi na mmoja katika mkahawa wa Mama Chantal, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kufikia saa tisa chakula chake kilikuwa kimekwisha. Alitazama mizigo yangu.

"Mama wa Kalembe, uko na nini mule?"

Mama Jeanne, unga wako tuliusonga saa kumi. Ulikuwa mzuri, haukuwa na mchanga hata kidogo, na wote kumi na mmoja wamekushukuru. Papa Mwalimu, fromage ilikuwa imeanza kutoa jasho kwa joto la kule chini, na Mama Chantal alisema isingefika hata Goma. Tuliikata kwa kisu cha fundi mmoja wa redio, tukaila na ndizi za kuchoma. Mwanao nitamtafutia nyingine, naahidi mbele ya wote watakaosomewa haya.

Kisha wakaomba maharagwe. Niliyakalia. Mama Chantal alinielewa nilipomweleza ni ya nini, akageuka akawaambia wengine, "Ile ni ya harusi. Mutu asiiguse."

Lakini moyo wangu ulikuwa haukai. Ijumaa ndiyo siku ya mwisho. Kama ndege isingekuja Ijumaa, ile ya Goma kwenda Kinshasa, Jumamosi alfajiri, ingeondoka bila mimi, na Neema angekaa ndani ya chumba chake amefunga mlango. Nilimfahamu. Akiwa na miaka mitatu aliwahi kukataa kutoka ghalani kutwa nzima kwa sababu nilikwenda soko la Kashuga bila kumuaga.

Ijumaa kulipambazuka bila wingu. Saa tatu akafika mwenye mizani, Papa mmoja mwembamba mwenye daftari, akaweka mizani chini, ile ile ya kupimia magunia. Niliweka mizigo yangu juu yake.

"Na wewe pia mama. Panda."

"Mimi?"

"Ndeke ni kidogo. Tunapima bote, bantu na mizigo, pamoja."

Nikapanda. Sindano ilikwenda karibu na mwisho. Papa akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akaangalia tena daftari. Nilikuwa nimezidi kilo saba.

Sikuwa na la kufanya. Nilikwenda nyuma ya mkahawa nikavua kitenge cha kwanza, nikarudi mizanini. Bado. Nikaenda nikavua cha pili. Watu wakaanza kuja kutazama. Nilipotoka na cha tatu mkononi, niliona koti la manjano katikati ya watu. Dieudonné alikuwa hajaondoka. Alikuwa anasubiri ahakikishe nimepanda salama.

"Mama," akasema taratibu, "na mutoto je?"

Nikamwonyesha vitenge.

"Siku mbili naendesha pole pole juu ya bitenge?"

Kilambo nzima ilicheka. Yeye alijitahidi kukasirika, akashindwa, akacheka kuliko wote. Nilimpa kitenge kimoja, ampelekee mke wake wa miezi saba, maana mimba hiyo angalau ni ya kweli. Viwili nilivikabidhi kwa Mama Chantal pamoja na sweta na asali ya Pasta, nivichukue nikirudi. Bado nilizidi kilo mbili.

"Acha maragi," akasema mwenye mizani. "Kule Kinshasa kuko maragi mingi."

"Kuko. Lakini haiko hii."

Alifikiri. Akasema niache nusu. Basi niliyamwaga katika beseni la Mama Chantal, nikibakiza kilo mbili na nusu, na sitawadanganya, nililia kidogo nikiyamwaga. Alinifuta machozi kwa ncha ya kitenge changu mwenyewe na akaniahidi kuyala polepole.

Hapo ndege ikasikika. Filimbi zikapigwa, mbuzi wakakimbizwa, na ndipo tukaona kwamba lori la ndizi lililokuja asubuhi lilikuwa limesimama katikati ya lami, gurudumu moja limetoka, dereva yuko chini yake. Ndege ilipita juu yetu, chini kabisa, ikazunguka upande wa msitu. Mtu akasema ikizunguka mara mbili bila kutua inarudi zake Goma.

Sikumbuki nani alianza. Nakumbuka bega langu kwenye ubao wa lori, Dieudonné kulia kwangu, mwenye mizani kushoto, daftari kaling'ata kwa meno, na Mama Chantal nyuma yetu akihesabu kama anaongoza wimbo. Dereva alitoka chini akipiga kelele kwamba tunamvunjia gari. Tulisukuma. Lori likaguna, likaingia kwenye nyasi, mikungu ya ndizi ikaanguka, na ndege ikatua pale pale tulipokuwa tumesimama.

Kilambo hadi Goma, angani

Ndege yenyewe ilikuwa na viti saba na magunia mengi kuliko viti. Nilikaa dirishani nimekumbatia mfuko wangu. Ilikimbia barabarani kama gari lililokatika breki, muhogo ukapita, mkahawa ukapita, koti la manjano likapita, kisha chini hapakuwa na kitu.

Kwanza ulikuwa msitu tu. Halafu ukaanza kukunjamana, na vilima vya Masisi vikaja, mashamba yamepangwa juu yake kama viraka vya shuka. Umbali kama ule niliouhesabu kwa magoti siku nne ulikuwa unapita chini kwa dakika. Nilifurahi hadi nikaona aibu, nikawa nacheka peke yangu. Nikaona kilima chenye kanisa la bati na mashamba ya maharagwe, nikawapungia mkono.

"Kule ni Kalembe," nikamwambia jirani yangu.

"Hapana mama. Kalembe iko mbali, upande ule mwingine."

Kwa hiyo wale mnaoniuliza kama niliwaona, jibu ni kwamba niliwapungia. Kama waliopungiwa ni watu wengine, basi nao wamesalimiwa.

Safari ile yote ya angani ilichukua chini ya saa moja. Saa nane mchana nilikuwa Goma kwa binamu yangu Mapendo, naoga kwa maji ya moto. Jioni ile, kabla sijala, nililoweka maharagwe. Nilifikiri hivi: wakwe ni saa nne, na maharagwe makavu hayaivi kwa maombi. Yakilowana tangu jioni, hata nikichelewa kidogo, moto wa saa moja unayatosha. Niliyafunga ndani ya mfuko wa plastiki na maji yake, nikautia katika mkoba.

Goma hadi Kinshasa

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa uwanjani, huu sasa wenye ukuta. Mwanamke wa ukaguzi alisimamisha mkoba wangu.

"Mama, hii maji inatoka mu sac yako ni ya nini?"

"Ni ya maragi. Iko inalowana."

"Unataka kupika ndani ya ndeke?"

"Hapana. Nitapika nikifika."

Aliwaita wenzake wawili. Walifungua, wakanusa, wakajadiliana kwa Kifaransa. Mwisho yule mwanamke akaniuliza maharagwe yanakwenda wapi, nikamwambia habari za Neema na mlango. Kisha akanipeleka mwenyewe hadi kwenye sinki, tukamwaga maji pamoja, akanitafutia mfuko mpya usiovuja. "Hata mimi shangazi yangu alipika," akasema.

Tulipaswa kuruka saa kumi na mbili. Tuliruka saa kumi na mbili na nusu, maana mawingu yalikuwa yamelala juu ya mlima wa moto na hayakutaka kuamka. Niliangalia saa ya mkononi ya marehemu mume wangu, ambayo haijawahi kunidanganya, nikapiga hesabu: kufika saa tatu kasoro dakika kumi au zaidi, gari hadi nyumbani, saa nne. Ilikuwa imebana.

Jirani yangu alikuwa Papa mmoja wa suti na tai, mwenye mkoba wa ngozi, mtu wa ofisi bila shaka. Ndege ilipoanza kukimbia alinishika mkono. Hakuniomba, alinishika tu, na jasho lilikuwa linamtiririka.

"Mama, wewe hauogope?"

"Kaka, mimi jana nilisukuma lori ili ndeke itue. Hii iko na barabara yake yenyewe."

Alinishika mkono hadi chai ilipoletwa. Alipotulia alinieleza kwamba kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, na kwamba chini yetu kote ni Kongo, mwanzo hadi mwisho. Nilitazama dirishani saa nzima, nikaona msitu, na mto, na msitu. Nilikuwa sijui kwamba sisi ni wengi namna hiyo. Nilimpa yule Papa mkate wangu, akanipa yai lake.

Tulipotua watu walipiga makofi. Rubani alikuwa anasema jambo kwa Kifaransa kuhusu saa, lakini mimi nilikuwa tayari nimesimama, nimekumbatia mfuko. Saa yangu ilisema saa tatu kamili.

Kutoka uwanjani hadi kwa Bahati

Bahati alinitumia dereva wa taksi mwenye jina langu kwenye kipande cha boksi. Yeye alikuwa na Kilingala, mimi nilikuwa na Kiswahili, na kati yetu kulikuwa na msongamano wa magari ambao sijawahi kuuona. Nilimwonyesha saa yangu. Aliitazama, akatikisa kichwa, akatabasamu. "Malembe, mama." Hilo nililielewa: polepole. Saa tatu na nusu nikamwonyesha tena. Akacheka. Saa nne kamili tulikuwa bado nyuma ya basi lililojaa mpaka mlangoni, naye akanunua karanga dirishani, akanipa nusu.

Nilimgombeza kwa Kiswahili hadi nikahamia Kihunde, lugha ya nyumbani. Nilimwambia hana shangazi, hana dada, moyo wake ni wa jiwe. Yeye alitafuna karanga zake na kunipigapiga begani. Mimi nikaanza kulia. Siku tano, miguu, pikipiki, mizani, lori, na sasa Neema amefunga mlango, wakwe wameondoka, kwa sababu ya mtu anayekula karanga.

Saa nne na dakika ishirini tukasimama. Nilishuka nikiwa nimeshika maharagwe juu kwa mikono miwili, nikaingia uani nikilia kwa sauti, "Bahati, unisamehe, Neema, unisamehe, nimechelewa."

Bahati alikuwa uani amevaa fulana na taulo, povu la kunyolea limejaa usoni. Viti vilikuwa vimepandana ukutani. Dirishani kikatokea kichwa cha Neema, nusu ya nywele imesukwa, nusu imesimama wima.

"Dada," akasema Bahati, "unachelewa nini? Sasa njo saa tatu na dakika makumi mbili."

Nikamwonyesha saa ya marehemu. Alinitazama, povu likaanza kutikisika.

Ndugu zangu, tangu utoto tunasikia redioni saa ya Kinshasa ikitangazwa kivyake na saa ya mashariki kivyake. Sote tunajua kwamba wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Nimelijua hilo maisha yangu yote kama ninavyojua tenzi za kanisani, na sikuwahi kufikiri kwamba linanihusu. Hata ile saa nne kamili aliyonitajia Bahati kwenye simu ilikuwa saa nne ya kwao. Dereva wa taksi alikuwa anajaribu kunieleza njia nzima. Nilikwenda nikamkumbatia, karanga na vyote.

Lakini dakika arobaini si nyingi. Mkaa ulikuwa tayari unawaka. Nilifunga kitenge vizuri, nikaosha maharagwe, nikayatia chunguni. Yalikuwa yamevimba vizuri kwa kulowana usiku mzima na kwa kusafiri. Neema alitoka chumbani mbio, na nywele zake nusu, akapiga magoti kando yangu akapuliza moto kama alivyokuwa anapuliza jikoni kwangu akiwa mdogo. Tulipuliza pamoja. Alinuka mafuta ya nywele na moshi, na nilifurahi kupita nilivyowahi kufurahi.

Wakwe nao, Mungu awabariki, walichelewa. Waliingia saa tano kasorobo, suti na vitenge vinavyofanana, watu kama thelathini. Kilo mbili na nusu hazishibishi thelathini, lakini kila mmoja alipata kijiko chake, na baba wa bwana harusi alipata viwili, kisha akainua sahani kuomba cha tatu. Ni mzee mrefu, hana Kiswahili. Alisema kitu kwa Kilingala, akiyaonyesha maharagwe, na Bahati akanitafsiria.

"Anauliza: hii maragi imetoka mbali?"

Wote walinigeukia. Neema alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, nywele zimekwisha kusukwa, mlango wazi nyuma yake. Nilifikiri juu ya Pinga, juu ya daraja la magogo, juu ya beseni la Mama Chantal na bega langu ambalo lilikuwa bado linauma kwa lile lori. Nikamtazama yule mzee, kijiko mkononi, anasubiri.

"Hapana, Papa," nikamwambia. "Iko hapo tu."